Siasa kwa Bei Chee

Elon Musk alitoa takriban dola milioni 290 katika uchaguzi wa Marekani wa 2024, karibu zote za kumrudisha Donald Trump Ikulu na kuwabeba wagombea wa chama cha Republican. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mume na mke, Sheldon na Miriam Adelson, waliotoa kama dola milioni 218 mwaka 2020. Ukizibadili dola za Musk kwa kiwango cha shilingi 129 za Kenya, unapata bilioni 37 na ushee. Tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilikadiria kuhitaji takriban bilioni 40.9 kuandaa uchaguzi mkuu wote wa 2022: vituo zaidi ya 46,000, karatasi za kura, mitambo ya kutambua wapiga kura, magari, makarani na posho zao. Mtu mmoja, kwa hundi zake mwenyewe, alikaribia kugharamia uchaguzi wa nchi nzima.

Wengi wakifika hapo hushika kichwa, wakaishia hapo. Hesabu hiyo inashtua lakini haielezi jambo. Swali lenye uzito ni je, alizitoa kutoka kwenye fungu la ukubwa gani?

Siku ya kupiga kura, 5 Novemba 2024, orodha ya matajiri inayotunzwa na shirika la habari la Bloomberg ilimkadiria Musk kuwa na dola bilioni 264 hivi. Milioni 290 ndani ya bilioni 264 ni asilimia 0.11. Sasa mchukue mama mwenye duka Gikomba, ambaye mali yake yote, kuanzia bidhaa zilizo kwenye rafu hadi friji na akiba ya kwenye simu, ina thamani ya shilingi 500,000. Asilimia 0.11 ya mali hiyo ni shilingi 550. Kiasi hicho hukitoa kwenye mchango wa msiba bila kumwuliza mtu, na jioni duka linafungwa kama kawaida.

Tuisogeze mbele kidogo. Shirika la OpenSecrets, linalofuatilia pesa za siasa Marekani, lilikadiria kwamba uchaguzi wote wa 2024 ngazi ya taifa ungegharimu takriban dola bilioni 15.9, ukijumlisha wagombea, vyama na makundi ya nje. Hiyo ni asilimia 6 ya mali ya Musk ya siku ile. Angeweza kuulipia peke yake, urais, viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi na theluthi ya Seneti, pande zote mbili, akabaki na asilimia 94. Kuna atakayesema, na kwa haki, kwamba mali hiyo ni hisa, huwezi kuziuza zote kwa siku moja bila bei kuporomoka. Ni kweli. Lakini benki humkopesha tajiri kwa dhamana ya hisa zake, na hundi ya kampeni haihitaji hata robo ya asilimia moja.

Tumezoea kulalamika kwamba siasa ni ghali. Ni ghali kwetu sisi. Kwa watu 902 ambao jarida la Forbes liliwahesabu Marekani mwaka 2025 kuwa na dola bilioni moja kwenda juu, siasa ni bei chee. Na kila mali yao inapopanda kwa kasi kuliko gharama za kampeni, bei hiyo inazidi kushuka.

Mlango uliofunguliwa na majaji

Mmarekani wa kawaida aliyetaka kumchangia mgombea mwaka 2024 alikuwa na kikomo: dola 3,300 kwenye kura za mchujo na dola 3,300 nyingine kwenye uchaguzi wenyewe. Musk naye alibanwa na kikomo hicho hicho. Mlango aliopitia ni mwingine, na ulifunguliwa mahakamani.

Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Bunge linaweza kuweka kikomo kwa mchango unaomfikia mgombea mkononi, ila haliwezi kumzuia mtu kutumia pesa zake mwenyewe kueneza maoni ya kisiasa, kwa kuwa kutumia pesa kwa njia hiyo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Tarehe 21 Januari 2010, majaji 5 dhidi ya 4 waliyapa makampuni na vyama vya wafanyakazi haki hiyo hiyo katika kesi ya Citizens United. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa mjini Washington ikamalizia kazi: kamati isiyompa mgombea pesa moja kwa moja, bali inayozitumia yenyewe kwa kujitegemea, inaweza kupokea kiasi chochote kutoka kwa mtu yeyote wa nchi hiyo. Ndipo zikazaliwa kamati zinazojulikana kama Super PAC. Mwaka 2024, matumizi ya makundi ya nje ya kampeni rasmi yalifika takriban dola bilioni 4.5.

Neno «kujitegemea» lina utani ndani yake. Machi 2024, tume ya uchaguzi ya Marekani iliruhusu kamati hizo zishirikiane na wagombea katika kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuhimiza wapiga kura. Kamati ya Musk, America PAC, ilijitosa hapo hapo. Kazi ambayo zamani ilifanywa na vijana wa chama ikafanywa na watu walioajiriwa kwa pesa za mfadhili mmoja.

Wanasiasa wanaotegemea michango yenye kikomo cha dola 3,300 wanaishi maisha mengine kabisa. Mwaka 2013 zilifichuka karatasi za mafunzo ambazo chama cha Democratic kiliwapa wabunge wake wapya. Ratiba ya siku ya mfano iliwatengea saa 4 za kupiga simu kuomba pesa. Kukutana na wananchi walitengewa saa 1 au 2, na shughuli za kamati na ukumbi wa Bunge saa 2. Sheria hairuhusu kuomba michango ndani ya ofisi za serikali, kwa hiyo mbunge hutoka, anavuka barabara hadi jengo la chama, anaketi kwenye kijichumba chenye simu na karatasi ya majina: huyu alitoa kiasi gani mara ya mwisho, mkewe anaitwa nani, muulizie hali ya biashara. Akitaka dola milioni 2, anahitaji watu 607 wanaotoa hadi kikomo cha uchaguzi mmoja. Ni simu nyingi sana, maana si kila anayepigiwa hutoa, na si kila anayetoa hufikia 3,300. Bilionea anaijaza kamati yake milioni 2 hizo kabla chai haijapoa.

Kura hainunuliki kirahisi

Hapa niwe muwazi, kwa sababu habari za matajiri na siasa husimuliwa mara nyingi kana kwamba pesa ikiingia tu ushindi unatoka upande wa pili. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za kwake kuwania tiketi ya urais ya Democratic mwaka 2020. Alijitosa Novemba 2019, na 4 Machi 2020 alikuwa amekwishajitoa. Katika siku kubwa ya mchujo, eneo pekee aliloshinda lilikuwa American Samoa, visiwa vya Pasifiki ambavyo wakazi wake hawapigi kura ya rais mwezi Novemba. Kamala Harris alikusanya zaidi ya dola bilioni 1 ndani ya miezi mitatu, kampeni yake ikaizidi ya Trump kwa matumizi, na akashindwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wisconsin. Tarehe 1 Aprili 2025 jimbo hilo lilikuwa linachagua jaji mmoja wa Mahakama yake ya Juu, kiti ambacho kingeamua upande upi una wengi, 4 kwa 3. Januari ya mwaka huo kampuni ya Tesla ilikuwa imelishtaki jimbo hilo ikitaka kuruhusiwa kuuza magari yake moja kwa moja, kesi ambayo ingeweza kufika mbele ya majaji hao hao. Musk na makundi yake walimwaga zaidi ya dola milioni 20 kumsaidia mgombea wa upande wa kihafidhina, Brad Schimel. Siku mbili kabla ya kura, Musk alitua mji wa Green Bay, akapanda jukwaani amevaa kofia ya manjano yenye umbo la kipande cha jibini, alama ya mashabiki wa timu ya mpira ya huko, kisha akakabidhi hundi mbili kubwa kama mlango, kila moja ya dola milioni 1, kwa wapiga kura wawili. Mabilionea George Soros na JB Pritzker nao waliuchangia upande wa pili. Gharama ya pande zote ilifika takriban dola milioni 100, rekodi ya Marekani kwa uchaguzi wa jaji. Susan Crawford, aliyepingwa na Musk, alishinda kwa asilimia 55 dhidi ya 45. Sura ya Musk ilikuwa ndiyo tangazo bora la Crawford.

Msomaji wa Kenya au Tanzania atakuwa anatabasamu, maana hundi za Green Bay anazijua kwa majina mengine. Mkono mtupu haulambwi. Kinachotofautiana ni vifungashio. Mwaka 2024 Musk alitangaza dola milioni 1 kila siku kwa mpiga kura wa majimbo yenye ushindani atakayesaini waraka wa kuunga mkono uhuru wa kusema na haki ya kumiliki silaha. Watu waliamini ni bahati nasibu. Mwendesha mashtaka wa Philadelphia alipokwenda mahakamani, upande wa Musk ulieleza kwamba washindi hawakuwa wakiokotwa kwa bahati: walichujwa mapema, wakateuliwa kama wasemaji wa kamati. Utetezi wenyewe ukawa ni kwamba ahadi haikuwa kama umma ulivyoielewa. Siku moja kabla ya uchaguzi jaji aliruhusu mpango uendelee.

Kinachonunuliwa hasa

Basi kama kura hazinunuliki kwa uhakika, hawa watu wenye akili ya hesabu wanalipia nini?

Wanalipia hofu, kwanza. Mwaka 2024 makampuni ya sarafu za kidijitali, Coinbase na Ripple pamoja na wawekezaji wa Andreessen Horowitz, yalijaza kamati iitwayo Fairshake zaidi ya dola milioni 200. Katika kura za mchujo za California, Machi 2024, kamati hiyo ilitumia dola milioni 10 kumpiga Katie Porter, mbunge aliyekuwa akiwania Seneti. Matangazo yalisema ni mnafiki kuhusu pesa za kampeni. Hayakusema neno kuhusu sarafu za kidijitali. Porter akaanguka, na pengine angeanguka hata hivyo. Kisha kamati ikahamia Ohio, ambako Sherrod Brown, mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayosimamia benki na mkosoaji wa biashara hiyo, alikuwa anatetea kiti. Huko zilitumika takriban dola milioni 40. Matangazo yalizungumzia habari nyingine tu, si sarafu. Brown akashindwa na Bernie Moreno.

Porter na Brown walikuwa watu wawili tu. Hesabu iko kwa waliobaki. Maseneta 100 na wabunge 435 waliona kilichotokea, na kila mmoja anajua kwamba kamati ile ilikwishatangaza kuwa na zaidi ya dola milioni 100 kwa ajili ya uchaguzi wa 2026. Juni 2025, muswada wa kwanza mkubwa wa kuhalalisha na kusimamia aina fulani ya sarafu hizo, ulioitwa GENIUS, ulipita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 30. Maseneta 18 wa Democratic waliunga mkono. Trump akausaini 18 Julai. Muswada ulikuwa na hoja zake za kisera, na wapo waliouunga mkono kwa imani. Ila mtu akikaa ofisini Washington akiwaza apige kura gani, dola milioni 40 za Ohio zimekaa naye chumba kimoja. Pesa hiyo haihitaji kutumika tena. Ikishatumika mara moja, mahali panapoonekana, inafanya kazi miaka mingi ikiwa benki. Hiyo ndiyo faida ambayo takwimu za matumizi ya kampeni haziioni.

Cha pili kinacholipiwa ni mlango. Hapa Musk hakushindwa. Trump alipoapishwa, 20 Januari 2025, alisaini siku hiyo hiyo agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Musk, ambaye hakuchaguliwa na mtu, alikuwa amepewa kazi ya kupunguza matumizi ya serikali kupitia kundi lililoitwa DOGE, chini ya cheo cha mtumishi maalumu asiyezidi siku 130 kwa mwaka. Mapema Februari aliandika kwenye mtandao wake kwamba wikendi ile walikuwa wameitia USAID, shirika la misaada ya nje la Marekani, kwenye mashine ya kusaga magogo. Machi 10, waziri wa mambo ya nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika hilo, mikataba kama 5,200, imefutwa. Tarehe 1 Julai USAID ikafungwa rasmi. Kenya, Uganda na Tanzania, wahudumu wa afya waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa wasimamishe kazi kabla hawajapata maelezo. Misaada ya nje ilikuwa kama asilimia 1 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani. Musk alikuwa ameahidi kwenye mkutano wa kampeni kupunguza angalau dola trilioni 2. Aprili 2025 alikuwa amekwishashuka hadi kutarajia bilioni 150.

Unaweza kubishana kama misaada ile ilikuwa mizuri au mibovu. Wapo Waafrika wengi makini waliosema kwa miaka kwamba inatulemaza. Lakini tazama njia ambayo uamuzi ulipitia. Shirika lililoanzishwa mwaka 1961 na kuendeshwa kwa bajeti ya Bunge lilivunjwa kwa wiki chache, na sauti iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya mfadhili mkuu wa kampeni. Hakuna mpiga kura wa Pennsylvania aliyeulizwa, na mgonjwa wa Kisumu hata hana kura huko.

Faida ya pesa alizoweka? Desemba 11, 2024, wiki tano baada ya uchaguzi, mali ya Musk ilivuka dola bilioni 400 kwenye orodha ile ile ya Bloomberg. Ongezeko la zaidi ya bilioni 135 ni kama mara 470 ya alichotoa. Nisiitie chumvi: sehemu ya ongezeko ilitokana na kampuni yake ya roketi, SpaceX, kuthaminiwa upya, na bei za hisa hupanda na kushuka kwa sababu mia. Miezi michache baadaye hisa za Tesla zilikuwa zimeporomoka. Hata hivyo soko lenyewe lilisema kitu. Wanunuzi wa hisa, ambao hawana mapenzi na mtu, waliona kwamba ukaribu na rais una bei.

Na ukaribu huo unakatika. Juni 5, 2025, Musk na Trump walirushiana maneno hadharani. Musk akaandika kwamba bila yeye Trump angeshindwa uchaguzi. Trump akatishia kufuta mikataba ya serikali na makampuni yake. Hisa za Tesla zilishuka asilimia 14 siku hiyo, thamani ya kama dola bilioni 150 ikayeyuka. Kwa hiyo asiyedhani serikali bado ina meno aitazame tarehe hiyo. Tatizo ni kwamba meno hayo yaling'ata baada ya ugomvi wa watu wawili, si kwa sheria.

Cha tatu ni kipaza sauti. Musk aliununua mtandao wa Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, akaubadili jina kuwa X. Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, alikuwa amelinunua gazeti la Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, na Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi, gazeti lilitangaza kwamba halitamwunga mkono mgombea yeyote, ilhali wahariri walikuwa wamekwishaandaa tamko la kumwunga mkono Harris. Zaidi ya wasomaji 250,000 walifuta usajili wao ndani ya siku chache. Amazon ikatoa dola milioni 1 kwenye mfuko wa sherehe za kuapishwa kwa Trump, kama walivyofanya Meta na wengine, na mfuko huo ukafika dola milioni 239, rekodi.

Wasomi wamejaribu kupima jumla ya haya. Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa masuala 1,779 ya sera za Marekani kati ya 1981 na 2002. Waliona kwamba matakwa ya raia wa kawaida, ukiyatenga na ya matajiri na makundi yenye maslahi, yalikuwa na athari iliyokaribia sifuri. Wakosoaji wakajibu kwamba katika karibu asilimia 90 ya masuala hayo watu wa kipato cha kati na matajiri walitaka kitu kimoja. Naona wote wana haki. Mvutano uko kwenye ile asilimia 10, na humo ndimo yanamokaa mambo ya kodi na usimamizi wa biashara.

Nani ameweka kikomo

Ufaransa hairuhusu kampuni kuchangia kampeni, na mtu binafsi hawezi kutoa zaidi ya euro 4,600 kwa uchaguzi. Mgombea urais anayefika duru ya pili ana kikomo cha euro milioni 22.5. Rais wa zamani Nicolas Sarkozy, aliyetumia karibu milioni 43 mwaka 2012, alitiwa hatiani 2021. Ila pesa iliyozuiwa mlangoni imepitia dirishani: bilionea Vincent Bolloré amejijengea himaya ya televisheni, redio na magazeti, ikiwemo CNews, na hakuna kikomo cha kampeni kinachomhusu. Uingereza, mwaka 2024, chama kilichosimamisha wagombea katika majimbo yote 632 ya England, Scotland na Wales kiliruhusiwa kutumia kama pauni milioni 34. Hundi za Musk peke yake zingelipia vyama zaidi ya sita vya namna hiyo. Lakini Waingereza walikuwa wamebana matumizi tu. Kutoa walikuwa hawajakuwekea kikomo.

New York wamekwenda njia nyingine. Jiji linaongeza dola 8 za umma juu ya kila dola anayotoa mkazi, hadi dola 250 za mwanzo. Mkazi akitoa 250, mgombea anapata 2,250. Anayekubali mpango huo anakubali pia kikomo cha matumizi. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991, mtoto wa profesa Mahmood Mamdani aliyewahi kufundisha Dar es Salaam na Makerere, alifikia kikomo mapema kwenye mchujo wa umeya wa 2025 hadi akawaambia watu waache kutuma pesa. Upande wa mpinzani wake, Andrew Cuomo, kamati ya nje ilikusanya takriban dola milioni 25, zaidi ya milioni 8 zikitoka kwa Michael Bloomberg. Mamdani alishinda mchujo Juni, na Novemba 4 akashinda umeya kwa kura zaidi ya milioni 1. Dola za umma hazikumzuia bilionea kutumia. Zilimpa mshindani sauti ya kusikika, na hiyo ilitosha.

Kwetu hakuna mwenye bilioni 264, lakini pengo ni lile lile. Utafiti wa Westminster Foundation for Democracy na taasisi ya NIMD ya Uholanzi, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba mgombea wa ubunge Kenya mwaka 2017 alitumia wastani wa shilingi milioni 18.2, wa useneta milioni 35.5, na wa uwakilishi wa wadi milioni 3.1. Mshahara wa mbunge uliotangazwa mwaka huo ulikuwa shilingi 621,250 kwa mwezi kabla ya kodi. Ili kurudisha milioni 18.2 kwa mshahara mtupu, bila kula wala kulipa karo, mbunge anahitaji miezi zaidi ya 29 kati ya 60 ya muhula wake. Mwalimu au muuguzi hawezi kuianza hesabu hiyo. Anayeweza ni tajiri, au mtu wa tajiri.

Tanzania ilikwishapita hapo mahakamani. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, iliifuta kwa kuwa inabagua wagombea wasio na uwezo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata 2010. Sheria ipo. Pilau na khanga nazo zipo.

Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi tangu 2013. Ilisimamishwa kabla ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ilichapisha viwango, ikiwemo takriban shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais. Bunge likavikataa, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo chochote. Kanuni za sheria hiyo lazima zipitishwe na Bunge la Taifa, yaani na watu wale wale walioingia kwa milioni 18.2. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Ukikutana na mbunge wako kwenye harambee kabla ya hapo, kabla hajafungua bahasha, mwulize swali moja tu: kanuni hizo zikiletwa tena, atapiga kura gani?